Mwongozo kamili: kukusanya silaha kwenye eneo lililotoka vitani, toka siku ya kusaini mpaka bunduki ya mwisho

Tarehe 7 Septemba 2006, hapa hapa Dar, serikali ya Burundi na kundi la waasi la Palipehutu-FNL la Agathon Rwasa walisaini makubaliano ya kusimamisha mapigano. Mtaani watu tulisema basi, yameisha. Hayakuisha. Aprili 2008 Bujumbura ikapigwa makombora tena, na Rwasa alikuja kusalimisha silaha Aprili 2009, yaani miaka miwili na nusu baada ya ile kalamu kuwekwa mezani. Hao ni watu waliokuwa na wapatanishi, mahoteli, picha, kila kitu.

Nina jirani Mbagala, fundi cherehani, aliwahi kupigana ng'ambo ya ziwa, upande gani sitasema maana ana familia yake hapa na anaishi vizuri na watu. Siku moja umeme umekatika tumekaa nje akaniambia, kaka, vita yote sikuwahi kuogopa kama usiku wa kwanza baada ya kutoa bunduki. Alikuwa anapapasa chini ya mto mpaka alfajiri, sio kwamba alitaka kupigana, alikuwa anajiuliza wale wakija leo nafanyaje. Toka siku hiyo nikisoma mpango wowote wa kukusanya silaha, uwe wa Kongo au Msumbiji au kokote, natafuta kitu kimoja tu: huyu mtu usiku wa kwanza analindwa na nani? Kama hakuna jibu, huo mpango haujaiva.

Vijana wanaosoma diplomasia pale Kurasini huwa wananiuliza hatua kwa hatua inaendaje, kwa hiyo naweka yote hapa, ndefu kidogo, mnivumilie.

Hatua ya 1: soma mkataba kabla hujagusa bunduki

Chukua peni, tafuta haya: mkataba unamhusu nani na nani ameachwa nje, silaha zipi (nyepesi, nzito, mabomu, risasi), siku zinaanza kuhesabiwa lini, nani anahakiki, na mpiganaji anapata nini akishatoa. Ukikuta moja halijaandikwa, hilo ndo litakalokuja kuwasha moto.

Halafu angalia mpangilio wa nani anaanza. Hapa mfano mzuri ni Ethiopia. Mkataba wa Pretoria wa tarehe 2 Novemba 2022 ulitaka wapiganaji wa Tigray, mkoa wa kaskazini waliokuwa wanapigana na serikali, wawe wamepokonywa silaha zote ndani ya siku 30. Kwenye karatasi inapendeza, ila eneo lilikuwa bado lina majeshi mengine ndani, ya Eritrea na ya mikoa jirani, sasa nani atoe bunduki huku anamuona adui yake kilimani? Siku kumi tu baadaye, tarehe 12 Novemba, makamanda wakakaa Nairobi wakaandika kwamba silaha nzito zitatolewa sambamba na kuondoka kwa hayo majeshi mengine. Neno "sambamba" ndo lilifungua mlango, maana Januari 2023 vifaru na mizinga ikaanza kukabidhiwa pale Agulae mbele ya timu ya Umoja wa Afrika. Kwa hiyo ukikuta mkataba una tarehe tu bila kusema nani anatangulia na nani anafuata, rudi mezani kwanza.

Na chunga maneno. Kupokonya sio kusalimisha, na kusalimisha sio kuweka kando. Mtu aliyepigana miaka kumi na tano ukimwambia unampokonya atasikia ameshindwa, na mtu anayejiona ameshindwa anaficha moja shambani. Ireland ya Kaskazini walikwepa hayo maneno kabisa, wakasema silaha "zimewekwa mahali zisipoweza kutumika tena".

Hatua ya 2: jibu swali la usiku wa kwanza

Hii ndo hatua inayorukwa kila siku kwa sababu haina picha nzuri ya kupiga. Kabla ya kambi, kabla ya fomu, lazima pawepo nguvu ya tatu ambayo pande zote zinaiamini angalau kidogo, iko barabarani inaonekana, inapiga doria usiku pia na sio mchana peke yake. Kama eneo lina makundi matatu, huwezi kuanza na moja ukayaacha mawili, hapo umemuandaa mmoja achinjwe. Ama wote wanapunguza kwa awamu siku ile ile, ama unaweka kikosi katikati.

Angola wanalijua hili kwa uchungu. Mkataba wa Bicesse kati ya serikali na waasi wa UNITA ulisainiwa Mei 1991, waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakawa wachache mno kwa nchi kubwa vile, uchaguzi ukafanyika Septemba 1992 wakati pande zote bado zina wapiganaji na silaha zao, Savimbi, kiongozi wa UNITA, akakataa matokeo, vita ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Ukiona ratiba ya uchaguzi inakimbia kuliko ratiba ya silaha, piga kelele mapema.

Shahidi naye achaguliwe vizuri. Ireland ya Kaskazini mkataba ulikuwa wa Aprili 1998, na wapiganaji wa IRA walimaliza kuweka silaha kando Septemba 2005, miaka saba. Aliyesimamia ni jenerali wa Kanada, John de Chastelain, ila pembeni walikaa mashahidi wawili, padre mmoja Mkatoliki na mchungaji mmoja Mmethodisti, waone kwa macho yao halafu kila mmoja akawaambie watu wake. Kwetu huku huyo shahidi anaweza kuwa shehe, askofu, mzee wa ukoo, mama anayeheshimika sokoni, mtu ambaye akisema "nimeona" hakuna wa kumbishia.

Hatua ya 3: hesabu watu, usihesabu bunduki peke yake

Makamanda watakuletea orodha. Ipokee kwa heshima ila usiiamini mzima mzima, maana kamanda ana sababu ya kuongeza majina, akiwa na watu wengi anapewa cheo kikubwa na posho nyingi, na anaweza kumtoa dogo aliyepigana kweli akamuweka mpwa wake. Linganisha orodha na watu wenyewe, muulize kila mtu alikuwa kombania gani, afande wake nani, alipigana wapi, silaha yake inafunguliwaje. Aliyepigana anajibu bila kufikiri.

Halafu tangaza vigezo redioni, kwa lugha ya watu, wiki nyingi kabla ya kufungua geti. Liberia hawakufanya hivyo. Tarehe 7 Desemba 2003 walifungua kambi ya Schieffelin nje ya Monrovia, wameandaa watu kama 1,000, wakaja maelfu, kila mmoja amesikia kuna hela siku hiyo hiyo, hela haipo, wakaingia mjini wanafyatua risasi, watu wasiopungua tisa wakafa. Zoezi likasimamishwa mpaka Aprili 2004. Liliporudi likaenda, lakini angalia hesabu ya mwisho: watu zaidi ya 100,000 walipita, bunduki zilizopatikana ni kama 28,000. Kigezo kimojawapo kilikuwa mtu akileta risasi 150 anaingia, kwa hiyo mwenye risasi nyingi aligawa kwa ndugu na marafiki, kila mmoja akaingia na fungu lake.

Upande wa pili kuna waliobaki nje. Ukisema "mtu mmoja bunduki moja" umewafungia mlango wasichana waliobeba maji, mabomu na majeruhi, waliochukuliwa kwa nguvu wakafanywa wake, na ambao bunduki zao kamanda alizichukua wiki moja kabla akawapa wanaume. Hili linaniuma sana. Weka dirisha lao, liwe na mhudumu mwanamke, na wasidaiwe silaha. Watoto vile vile, mtoto haombwi bunduki kama tiketi, anatolewa mikononi mwa makamanda haraka na kupelekwa kwa watu wa ustawi wa watoto, asilale kambi moja na waliomtuma.

Hatua ya 4: kambi

Karibu na maji, karibu na barabara inayopitika masika, mbali na soko na shule, mbali na mpaka. Pande mbili zilizopigana zisipakane. Vyoo vichimbwe kabla watu hawajafika. Chakula kiwepo cha muda mrefu kuliko ratiba inavyosema, kwa sababu ratiba itachelewa. Msumbiji baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, kati ya serikali na waasi wa Renamo, walikuwa na sehemu 49 za kukusanyikia, watu wakakaa miezi na miezi, 1994 wakaanza kugoma na kufunga barabara wakidai waachiwe waende makwao. Nepal kambi zilizofunguliwa baada ya mkataba wa 2006 zilikuja kufungwa kabisa 2012. Mtu mwenye njaa na hana cha kufanya, hata kama bunduki iko ghalani, bado ni hatari.

Hatua ya 5: meza ya kupokelea

Hapa nakaa kidogo maana ndo mahali watu wanapokufa kwa uzembe.

Risasi na bunduki visije pamoja mezani. Geti la kwanza mtu anasimama, anaelezwa kwa sauti ya kawaida, hakuna kufokeana. Guruneti, mabomu ya kutegwa, roketi, hivyo havivuki geti kabisa, mtu anaonyesha alipoviweka, fundi wa milipuko anavifuata huko huko. Usiruhusu mtu abebe guruneti mfukoni kwenye foleni eti akalisajili.

Mbele ya geti panakuwa na shimo la mchanga au pipa limejazwa mchanga. Mtutu unaelekezwa mchangani muda wote. Magazini inatoka kwanza, halafu kokeo, kile kipande cha kukoki, linavutwa nyuma, risasi iliyokuwa chemba (pale inapokaa tayari kufyatuliwa) inaruka inaangukia chini, mkaguzi anaangalia chemba kwa jicho na anaingiza kidole maana jicho linadanganya. Ukitoa risasi ya chemba kabla hujatoa magazini, umevuta nyingine ndani, na hivyo ndivyo watu wanavyojipiga miguu. Ikishakuwa tupu inaachwa wazi, inapelekwa mezani.

Mezani karani anaandika aina, namba ilivyo kwenye chuma, hali yake kama inafyatua au imekufa, jina la aliyeleta na kundi lake. Namba isomwe na watu wawili, mmoja anasoma mwingine anarudia, maana kutu inafanya 3 ionekane 8. Lebo ya bati inafungwa kwa waya kwenye kilinda kidole cha kifyatulio, picha inapigwa, risiti inatoka. Gobore nazo pokea, kuna maeneo wazee wamezirithi na zinaua kama kawaida, ila zihesabiwe peke yake, la sivyo utaambiwa silaha elfu moja zimekusanywa kumbe mia nane ni gobore na zile SMG, bunduki za kivita, nzima ziko bado porini. Ukitaka kujua kama kundi lina nia, angalia ubora wa silaha za siku tatu za mwanzo. Zikija kutu tupu, nzuri zimefichwa.

Risiti usiifanye kitu kidogo. Jirani yangu ya kwake bado anayo mpaka leo, ameipiga plastiki, ameiweka katikati ya Biblia, karatasi yenyewe wino umeshapauka unaona tu mhuri na nusu ya namba. Nilimuuliza ya nini sasa, akasema hii ndo inayosema mimi niliacha.

Hatua ya 6: ghala na kuharibu

Ghala lina kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa pande tofauti, daftari ndani na nakala nje, na hesabu inarudiwa kila jioni. Kama wapiganaji hawako tayari silaha ziharibiwe, kuna njia ya katikati ya Nepal: silaha ziliwekwa kwenye makontena ndani ya kambi, ufunguo wakabaki nao waasi wa Kimao wenyewe, Umoja wa Mataifa wakaweka kamera na king'ora wakilinda saa 24. Ilisaidia kwa sababu lile swali la usiku wa kwanza lilipata jibu: silaha yako iko hapo, unaijua ilipo, ila huwezi kuichukua bila dunia kuona.

Wakishakuwa tayari, haribu upesi na mbele ya watu. Silaha inayokaa ghalani miaka inatoka kwa mlango wa nyuma. Aceh, Indonesia, baada ya mkataba wa Helsinki wa Agosti 2005, waasi wa GAM waliahidi silaha 840 na zikatolewa kwa awamu nne kati ya Septemba na Desemba mwaka huo huo, zinakatwa hadharani, na kila awamu wanajeshi wa serikali nao wanapunguzwa. Nadhani ndo mpangilio safi kuliko yote ninayoijua, ule mwendo wa mimi hatua wewe hatua.

Kukata kwenyewe: usikate mtutu tu, mtutu unabadilishwa. Kata kwenye chemba, kata mwili wa bunduki vipande, haribu na kokeo, fundi wa kuchomelea mwenye mtungi wa gesi anaiweza kazi hii. Moto wa kuni peke yake unaunguza mbao na kulegeza chuma lakini usiuamini. Timbuktu, Mali, tarehe 27 Machi 1996 walichoma bunduki kama 3,000 na masalia yakajengewa mnara, Sierra Leone nao wakafanya hivyo Januari 2002, na zile sherehe zina maana kubwa kwa watu walioumizwa, wanalia, wanaimba, fanyeni. Ila anayeandika ripoti ahakikishe kila namba iliyopita mezani ndo iliyokatwa.

Hatua ya 7: zilizobaki majumbani na ardhini

Kambi zikifungwa bado kuna za raia, na za kufukiwa. Za raia usizinunue kwa hela taslimu. Liberia mpiganaji alikuwa anapewa dola 300, jirani Ivory Coast ikatajwa karibu dola 900, bunduki zikaanza kufikiria kuvuka mpaka kama mbuzi wanaofuata majani. Toa vitu vya kazi. Msumbiji toka 1995 Baraza la Kikristo likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane lilibadilisha silaha kwa majembe, baiskeli, cherehani na vifaa vya ujenzi, chuma chenyewe kikapewa wasanii. Mtu alikuwa anaongoza watu mpaka kwenye shimo la silaha bila kuulizwa jina.

Kwa zilizofukiwa, mwaka huo huo polisi wa Afrika Kusini na Msumbiji walianza Operesheni Rachel, wanalipa taarifa, wanachimba, wanalipua pale pale bila kusafirisha. Njia hii inahitaji mtu wa eneo hilo, anayejua mti gani ulikuwa alama.

Hapa kwetu polisi hutangaza msamaha wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, unapeleka kituoni au ofisi ya serikali ya mtaa bila kushtakiwa, na ule mtindo ni wa kuiga, hasa kuruhusu kumkabidhi mwenyekiti wa mtaa, maana kuna mtu hawezi kukanyaga polisi hata umpe nini. Na za serikali zitiwe alama: Itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya kudhibiti silaha ndogo, inataka hivyo kwa nchi za kanda hii, ili bunduki ikikamatwa porini ijulikane ilitoka ghala la nani.

Hatua ya 8: maisha baada ya hapo

Hela itoke kwa mafungu na itokee kwao, sio kambini. Msumbiji waliweka malipo ya miezi 24, mtu anachukulia benki ya wilaya aliyochagua kuishi, kwa hiyo ilibidi akae kule, aoe, alime. Siku hizi simu inafanya hiyo kazi, ila hakikisha kuna wakala mwenye pesa taslimu kijijini.

Mafunzo yafuate soko. Jirani yangu alifundishwa kushona pamoja na wenzake zaidi ya thelathini, mji mdogo, kitambaa chenyewe kinaletwa na lori mara moja kwa mwezi, wote wakawa mafundi nguo na hakuna wa kumshonea mwenzake. Wengi waliuza cherehani. Yeye alibeba yake mgongoni mpaka Kigoma, akapanda treni. Ingetosha mtu mmoja kwenda sokoni kuhesabu mafundi kabla ya kuagiza mashine.

Na majirani wapewe pia. Kijiji kilichochomwa kikiona aliyekichoma anapewa mabati huku wao wamelala chini ya turubai, umepanda vita nyingine. Bora kisima, zahanati, barabara, vya wote, na mpiganaji awe mmoja wa wanaochimba.

Ukiahidi, usichelewe kutimiza. Renamo walisaini tena Agosti 2019, wapiganaji 5,221 wakapita, kambi 16 zikafungwa, ya mwisho Vunduzi kule Gorongosa Juni 2023, zaidi ya miaka 30 toka Roma. Kilichokuwa kinawakera muda wote huo ni pensheni, kila mwaka inaongelewa.

Mwisho, kuhakiki. Rudi baada ya mwaka bila msafara na bila afande. Uliza SMG inauzwa bei gani kwa magendo, ikipanda ujue zimekuwa adimu. Angalia kama mabasi yanatembea usiku na kama watu wanalala mashambani msimu wa kulinda mazao yasiliwe na nguruwe. Kaa na kina mama kisimani uwaulize mara ya mwisho kusikia mlio ilikuwa lini na ulitokea upande gani, andika wanachosema, halafu nenda upande huo.